Uwanja wa Mpira na Stesheni Zake

Uwanja wa mpira hujaa taratibu lakini humwagika kwa mkupuo. Mashabiki huanza kuingia mmoja mmoja muda mrefu kabla ya mechi, ila filimbi ya mwisho ikishalia karibu wote hutaka kuwa njiani ndani ya nusu saa. Aliyewahi kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, jioni ya Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo, pale uwanja mpya unapotafutiwa mahali karibu na reli za mjini, swali gumu ni jinsi watu watakavyoondoka.

Treni inayobeba abiria 1,000 na kupita kila baada ya dakika tatu huondoa watu 20,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Uwanja wa watu 60,000 ukiitegemea njia hiyo peke yake, wa mwisho atapanda baada ya saa tatu, tena iwapo kila treni imefika tupu, jambo ambalo ni nadra. Ndiyo maana wapangaji wa miji hupendelea mahali palipozungukwa na njia kadhaa za reli, ili umati ugawanyike tangu getini.

Klabu ya Arsenal ya London imelijua hilo kwa zaidi ya karne moja. Ilianzishwa mwaka 1886 huko Woolwich, kusini-mashariki mwa jiji, na uwanja wake wa Plumstead ulikuwa na shida ya kufikika, hivyo mapato ya getini yakawa haba. Mwaka 1913 mmiliki wake, Henry Norris, aliihamishia Highbury, kaskazini mwa jiji, hatua chache kutoka stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Gillespie Road iliyofunguliwa 1906. Kocha Herbert Chapman akashawishi mpaka stesheni ikabadilishwa jina na kuitwa Arsenal mwaka 1932. Ndani yake hakuna lifti. Abiria hupanda ujia mrefu wenye mteremko, uliogawanywa kwa uzio katika sehemu mbili, moja pana na nyingine nyembamba. Uzio huo upo kwa ajili ya siku za mechi, ili wanaoingia na wanaotoka wasigongane.

Klabu ilipoamua kuondoka Highbury, palipokuwa na nafasi ya watu wapatao 38,000, haikwenda mbali. Ilichagua Ashburton Grove, eneo la karibu lililokuwa na kituo cha kukusanyia taka, likiwa limebanwa kati ya reli mbili. Uwanja wa Emirates ulifunguliwa hapo Julai 2006 ukiwa na viti zaidi ya 60,000. Ukitazama ramani, utadhani stesheni ya kushukia ni Holloway Road, kwa kuwa iko jirani kabisa. Kumbe ndiyo isiyofaa: inategemea lifti na ngazi za mzunguko, na siku za mechi matumizi yake huwekewa masharti. Umati hutegemea zaidi stesheni ya Arsenal, pamoja na Finsbury Park na Highbury & Islington, stesheni mbili zenye njia kadhaa za treni kila moja.

Huko kote kunahitaji kutembea, na kutembea huko ni faida. Katika mwendo wa robo saa, wenye haraka hutangulia, wenye watoto hubaki nyuma, wengine huingia kununua chakula; umati hufika stesheni ukiwa umenyooka kama foleni ndefu badala ya rundo. Stesheni iliyogusana na geti la uwanja hupokea watu wote kwa mara moja, na hatari kubwa huwa kwenye jukwaa la abiria, mahali pembamba pasipo na pa kurudi nyuma. Reli nayo, pamoja na faida zake, ni ukuta: Arsenal ililazimika kujenga madaraja mawili ya waenda kwa miguu juu ya njia ya treni ili mashabiki waufikie uwanja.

Ufaransa ilipotafuta mahali pa uwanja wa Kombe la Dunia la 1998, mvutano ulikuwa kati ya Melun-Sénart, mbali kusini-mashariki mwa Paris, na Saint-Denis, mpakani mwa jiji. Saint-Denis ilishinda mwaka 1993, na Stade de France ikajengewa stesheni mbili mpya kwenye reli mbili tofauti, kuongezea metro iliyokuwapo tayari.

Si kila klabu hupata bahati hiyo. Everton ya Liverpool ilihamia mwaka 2025 kwenye uwanja mpya wa watu zaidi ya 52,000 katika gati la zamani la Bramley-Moore, kando ya mto Mersey. Stesheni yake ya karibu ni Sandhills, iliyo juu ya tuta na yenye jukwaa moja tu katikati ya reli mbili. Jukwaa haliwezi kupanuliwa kirahisi, kwa hiyo nje yake limetengwa eneo la foleni: mashabiki husubiri hapo chini na kupandishwa kwa makundi, kila treni inapokuwa tayari kuwachukua.