Motokaa Inapolia Chini ya Tumbo

Apandaye motokaa huko Sake, akakwea milima ya Masisi yenye malisho ya ng'ombe, kisha akateremka upande wa machweo mpaka misitu mikubwa ya Walikale, huyo hahitaji kuelezwa maana ya barabara mbaya. Matope ya Masisi hunata kama ugali. Ya Walikale humeza gurudumu zima. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, karibu na Walikale, zikapakia mawe ya bati kuyapeleka Goma, maana kuyarusha angani kulikuwa rahisi kuliko kuyapitisha barabarani. Na katika nchi ambayo vita imepita mara nyingi, hata kufika Walikale mjini mwaka 2025, gari likikufia njiani jua linapokuchwa si jambo la kuchekea.

Basi leo twataka kuzungumza nanyi, wasomaji wetu, juu ya kelele moja ya gari ambayo kila abiria huisikia, wala hapana anayeuliza inatoka wapi.

Siku moja ya masika tulikuwa katika Land Rover kuukuu, tukitoka Nyabiondo kwenda Masisi. Nyuma alilala mama mmoja aliyeshikwa na uchungu tangu usiku, pamoja na mkunga wake na shangazi yake. Tangu mwanzo wa safari tulisikia chini ya miguu yetu mlio kama wa ndege: kwi, kwi, kwi. Gari likienda polepole, ndege alilia polepole. Likikimbia, alilia upesi. Tulimwuliza dereva. Akajibu, "Papa, usiwe na hofu. Analia hivyo tangu juma la pili, na gari linakwenda." Tukanyamaza, nasi twakiri kwamba hatukupaswa kunyamaza. Kila dereva alipotia gia na kuachia klachi, ndu! kitu kiligonga chini, kana kwamba mtu amepiga chuma kwa nyundo.

Katikati ya kilima ukatokea mshindo mkubwa, sakafu ikapigwa mara tatu au nne, na magurudumu yakakosa nguvu. Dereva akavuta breki ya mkono. Gari halikusimama! Likaanza kurudi nyuma kuelekea korongo. Akaikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, nasi tukaruka chini, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Ili kuelewa habari hiyo, hapana budi kutazama chini ya gari. Injini ipo mbele, na nyuma yake lipo sanduku la gia. Katika gari la porini kuna sanduku la pili, lenye kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kutoka hapo zinatoka bomba mbili za chuma zinazozunguka, moja kwenda mbele, nyingine kwenda nyuma. Sisi wa Kongo twaziita kardani, kwa jina la Gerolamo Cardano, mtaalamu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1501. Mafundi wa Kenya na Tanzania husema propela. Kila kardani hufika kwenye kile kibuyu cha chuma kilicho kwenye mhimili wa magurudumu, ambacho wengi hukiita difu.

Sasa, sanduku la gia limefungwa imara, lakini mhimili hupanda na kushuka juu ya springi kila gurudumu lipitapo shimo. Kardani iliyonyoka kama mpini wa jembe ingevunjika siku ya kwanza. Kwa hiyo kila mwisho wake umewekewa kiungo kama cha goti: msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne, na kila mkono umevikwa kikombe kilichojaa vijiti vyembamba kama sindano. Vijiti hivyo vyaishi kwa grisi. Maji ya mto yakiingia, grisi hutoka, kutu huingia, na vijiti huanza kusaga msalaba badala ya kuuviringisha. Hapo ndipo ndege aanzapo kulia.

Kwa nini breki ya mkono haikufaa? Katika Land Rover za namna ile, breki hiyo haishiki magurudumu. Hushika kardani ya nyuma, pale itokapo kwenye sanduku la pili. Kardani ikikatika, breki imeshika kipande kisichounganika na gurudumu lolote. Madereva wengi wenye umri hawalijui jambo hili, na mafundi wengine hulijua siku gari linapowaviringikia, maana hata kuifungua kardani kwa mikono huleta hatari ileile. Mawe kwanza, ndipo spana.

Hata hivyo tulikuwa na bahati: kardani ilikatika upande wa difu, ikaburuzwa chini. Kama ingekatika upande wa mbele, ncha yake ingeweza kuchoma ardhi wakati gari linakwenda, na kulirusha gari zima kama mtu arukaye kwa ufito.

Dereva wetu alikuwa mwenye akili kuliko tulivyomdhania. Alilala matopeni, akafungua bolti za kile kipande, akakiingiza garini, kisha akaunganisha gia ya magurudumu yote manne. Kwa kuwa kardani ya mbele ilikuwa nzima, gari likavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Kilima tulikimaliza kwa kusukuma, isipokuwa yule mama. Tulifika hospitali saa nne ya usiku, naye akajifungua salama kabla ya mapambazuko.

Asubuhi fundi mmoja mzee alituonyesha msalaba uliovunjika. Mikono yake ilikuwa na mifereji kama iliyochongwa kwa tupa, na ndani ya vikombe hamkuwa na grisi hata tone, ila vumbi jekundu mfano wa pilipili iliyosagwa. "Mtoto wangu," akamwambia dereva, "vumbi hili lilikuwa likitoka nje siku nyingi. Hukuinama kulitazama."

Tukamwomba atufundishe kusikiliza. Mlio wa ndege, alisema, ni vijiti vikavu. Mgongo mmoja wa chuma wakati wa kuondoka, au wa kubadili kutoka mbele kwenda nyuma, ni msalaba uliolegea, au bolti zilizolegea, au yale meno ya katikati ambamo kardani hurefuka na kufupika. Mtetemo unaozidi kadiri ya mwendo ni kardani iliyopinda, au iliyogandwa na matope upande mmoja. Ioshe kwanza kabla ya kununua kitu. Lakini mvumo mrefu unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, huo kwa kawaida hutoka katika difu, na kubadili misalaba hakutauponya.

Ipo na njia ya kuhesabu. Gari lisukumwe polepole mahali tambarare, nawe utembee kando yake. Gurudumu likizunguka mara moja, kardani huzunguka yapata mara nne. Kelele ikija mara nne, ni ya kardani. Ikija mara moja, tazama gurudumu. Kisha zuia magurudumu kwa mawe, toa gia, legeza breki ya mkono, ushike chuma pande zote mbili za msalaba na kuvisokota kinyume. Msalaba mzima hauchezi hata kidogo. Kardani yote ikizunguka pamoja kidogo, usiulaumu msalaba. Huo ni mchezo wa meno ya difu.

Wenye Land Cruiser zilizo na vifungo vya kugeuza kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele wana kipimo kingine. Endesha kwa magurudumu mawili, vifungo vikiwa wazi. Kardani ya mbele hupumzika. Kisha vifunge, uendeshe tena vilevile. Kelele ikitokea sasa tu, ugonjwa uko mbele.

Kazi yenyewe ya kutengeneza yule mzee aliifanya kabla ya saa sita. Kwanza alipiga alama za rangi kwenye kardani na mahali ifungwapo, na juu ya yale meno ya katikati, maana misalaba miwili lazima ielekeane kama ilivyotoka kiwandani. Meno yakirudishwa vibaya, gari zima litatetemeka. Akatoa pete ndogo zinazozuia vikombe, akavisukuma nje kwa jiliwa, wala hakupiga nyundo ovyo. Msalaba mpya aliuchagua wenye tundu la kupigia grisi, kwa sababu ile iliyozibwa haidumu sana katika mito yetu. Alipovirudisha vikombe alichungulia kila kimoja, kwa kuwa kijiti kimoja kikianguka na kulala chini ya kikombe, pete haitaingia mahali pake, na fundi mvivu ataipiga kwa nguvu mpaka avunje kitu. Mwishoni akapiga grisi mpaka ikachungulia kwenye mikono yote minne.

Dereva alitaka kuondoka mara moja. Mzee akamrudisha: aende mpaka Nyabiondo, arudi, azikaze tena nati zote nane zikiwa zimekwisha kutikiswa na njia. Alipoondoka tuliinama dirishani kusikiliza. Tulisikia mawe yakigonga sakafu, na mtoto wa yule mama akilia nyuma.