Kinanda ni cha Nani?

Mara nyingi hapa Kindu, watu wakikaa kusikiliza bendi, hutoa hukumu kabla ya wimbo kwisha. Mpiga gita, husema, ni mtoto wa njiani. Mpiga ngoma hakuuona mlango wa shule. Bali yule wa kinanda ni mtoto wa wakubwa, amelelewa misioni, na muziki kwake ni mchezo tu, si chakula. Twataka kuipima hukumu hiyo.

Haikuzuka bure. Gita, mtoto aweza kujitengenezea. Franco Luambo, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938, alianza na gita la kopo na nyaya, akilipiga sokoni Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, penye meza ya mama yake aliyeuza maandazi. Lakini kinanda hakitengenezwi kwa kopo. Zamani kilikuwa kanisani, seminarini au nyumbani kwa Wazungu. Na hiki cha siku hizi chataka fedha na umeme. Ndiyo sababu aliyekijua alikuwa mara nyingi mtu wa misioni.

Walakini, mtu wa misioni si lazima awe mtoto wa tajiri. Ray Lema, mpiga kinanda mashuhuri wa nchi yetu, alizaliwa mwaka 1946 katika stesheni ya Lufu-Toto. Akiwa bado mtoto aliingia seminari ndogo, akitaka kuwa padre. Huko walezi wakakitambua kipaji chake, wakamfundisha kinanda. Upadre hakuupata, muziki aliupata. Hata mwaka 1974 akawa mkuu wa muziki katika kundi la taifa la ngoma la Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Kilichomfikisha kwenye kinanda ni mlango uliofunguliwa, si ukoo.

Na gita je? Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, bingwa wa gita, alihitimu masomo ya ufundi mwaka 1957. Huyo mtoto wa njiani yu wapi hapo?

Hukumu hizi zaleta hasara. Mtoto wa mvuvi wa Lualaba akiambiwa kwamba kinanda si cha watu kama yeye, hathubutu kukikaribia. Mtoto wa karani akiambiwa kwamba gita ni la wahuni, hulificha. Hivyo twawapoteza wote wawili.

Basi, wazazi na walimu wa kwaya, kinanda cha parokia kisifungwe kwa ufunguo siku sita, kikafunguliwa Jumapili kwa mtu mmoja tu. Saa moja kila juma kwa mtoto yeyote mwenye bidii si gharama kubwa. Vidole havina ukoo; vyataka mazoezi.