Hamu ya Pombe ni Kama Wimbi

 

Juzi mama mmoja alinijia kliniki, akaniambia, "Sista, kijana wangu ana majuma matatu hajagusa chang'aa. Lakini jioni ikifika, anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimfungie ndani?" Nikamjibu, "Hapana mama, keti naye." Leo nitawaeleza kwa nini nilimjibu hivyo.

Mtu aliyeacha pombe, sigara, bangi au unga hupatwa na hamu. Hamu hiyo humjia akikutana na marafiki wa zamani, akigombana na mtu, au akiwa na njaa na uchovu. Yeye hudhani kwamba asipoitimiza itazidi mpaka imshinde. Sivyo. Hamu ni kama wimbi. Huinuka, hufika juu kabisa, kisha huvunjika. Mara nyingi nusu saa haiishi kabla haijapungua. Akiitii, anaipa nguvu ya kurudi kesho. Akiiacha ipite, anaipunguza nguvu.

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, huko India, Budha alifundisha kwamba mateso ya mwanadamu hutokana na tamaa, yaani kiu isiyokatika. Wafuasi wake hujifunza kuketi kimya, kufuatilia pumzi, na kuitazama tamaa bila kuitii.

Nchini Marekani, mtaalamu wa saikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyefariki mwaka wa 2011, pamoja na wenzake waliyachukua mazoezi hayo kuwasaidia walioacha vileo. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2014 ulifuatilia watu 286 waliokwisha kupata matibabu ya mwanzo. Mwaka mmoja baadaye, waliofundishwa mazoezi hayo walikuwa na siku chache zaidi za kutumia vileo kuliko wenzao.

Je, ni lazima mtu abadili dini? La. Pumzi haina dini. Mkristo, Mwislamu, yeyote anaweza.

Mama, hamu ikimjia mtoto wako, fanyeni hivi:

Kwanza, ketini mahali patulivu. Usimkemee, wala usimkumbushe alivyouza vyombo vya nyumbani.

Pili, avute pumzi polepole, aisikie ikiingia na kutoka.

Tatu, mwulize, "Unaisikia wapi hamu hiyo? Kifuani? Tumboni? Kooni?" Aitaje tu. Asipigane nayo.

Nne, akili ikitangatanga, airudishe kwenye pumzi, hata mara mia.

Tano, wimbi likipita, mpe chai au chakula, umwambie, "Umeshinda hili."

Afanye zoezi hili kila siku, hata siku ambazo hana hamu. Mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko. Nawe mlezi, vuta pumzi pamoja naye. Moyo wako pia umechoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Zoezi hili halichukui nafasi ya hospitali. Mtu aliyekunywa sana kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwepo au kupatwa na kifafa, mkimbizeni hospitalini mara moja; anaweza kufa. Anayetumia unga anaweza kusaidiwa na dawa ya methadoni, ambayo hapa Kenya ilianza kutolewa mwaka wa 2014 katika kliniki maalumu. Asiiache bila kushauriana na daktari. Tena, aliyekaa muda bila unga akarudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho chaweza kumwua, kwa kuwa mwili umekwisha kukisahau.

Na akiteleza? Usimfukuze. Kuteleza si kuanguka. Mrudishe kliniki, muanze tena.

Yule mama aliniuliza kama afunge mlango. Mlango ukifungwa, kijana hubaki peke yake na wimbi lake, na siku ukifunguliwa bado hajui la kufanya. Lakini ukiketi naye hata mara moja likapita, ameona kwa macho yake kwamba hupita.