Gugu Maji la Mto Kagera na Chakula Chake

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo wanalijua lile gugu lenye majani mapana yang'aayo na maua ya zambarau, lielealo juu ya maji ya Mto Kagera. Wako wanaolisifu kwa uzuri wa ua lake, na wako wanaosema kwamba halina dawa. Tumeona vema kueleza asili yake na tabia yake, na sababu ya kwamba kuling'oa majini peke yake hakutoshi.

Gugu maji si mmea wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za mto mkubwa wa Amazon. Watu walilichukua nchi hata nchi kwa ajili ya maua yake, wakalitia katika madimbwi ya bustani, na humo likatoroka. Katika nchi yetu lilionekana katika miaka ya 1950 huko upande wa pwani, katika mito ya Sigi na Pangani. Katika Ziwa Viktoria lilianza kuonekana karibu na mwaka 1989, na wataalamu wengi huamini kwamba njia yake kubwa ya kuingia Ziwani ilikuwa Mto Kagera.

Jambo hili halishangazi kwa mtu aujuaye mto huu. Maji ya Ruvuvu hutoka Burundi, na maji ya mkono wa pili hutoka vilima vya Rwanda, yakakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara. Kutoka hapo mto huenda kaskazini mpakani, ukipita kati ya mafunjo na vidimbwi vingi, kisha hugeuka mashariki, hupita Kyaka, na kumwagika Ziwani upande wa Uganda. Hakuna mto mwingine uingiao katika Ziwa Viktoria ulio mkubwa kama huu. Basi kinachotupwa juu huokotwa chini, na gugu lizaliwalo katika vidimbwi vile hukatika vipande na kuchukuliwa na mkondo.

Gugu hili halihitaji kushika udongo. Mizizi yake huning'inia majini kama ndevu, ikinywa chakula kilichoyeyuka humo. Mmea mama hutoa kikonyo, na mwisho wa kikonyo huota mtoto, kama mgomba utoavyo machipukizi. Mahali penye joto na chakula cha kutosha huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi. Walimu na wawape wanafunzi hesabu hii: magugu 10 yakiongezeka hivyo pasipo kizuizi, baada ya majuma 20 yatakuwa zaidi ya 10,000. Tena mbegu zake huzama topeni, na huweza kulala humo zaidi ya miaka 15 kabla ya kuota.

Madhara yake ni mengi. Gugu likitanda, nuru ya jua haifiki chini, na oksijeni hupungua majini, hata samaki hukimbia au hufa. Konokono waenezao kichocho hupata maskani katika mizizi yake, na mbu huzaa katika maji yaliyotulia kandokando. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa Ziwani walishindwa kutoa mitumbwi, meli zilizuiwa bandarini, na mitambo ya umeme ya Jinja ilisumbuliwa. Mwaka 1998 magugu yalikuwa yamefunika yapata hekta 20,000 za Ziwa. Nasi leo tunao mtambo wa umeme wa Rusumo, wa megawati 80, ulio mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nao vilevile hutegemea maji yasiyozibwa.

Uganda, Kenya na Tanzania zilileta mdudu mdogo wa jamii ya fukusi, atokaye kwao gugu lenyewe. Wakulima wa migomba wasiogope: huyu si yule fukusi alaye shina la mgomba. Alijaribiwa kwanza, ikaonekana kwamba chakula chake ni gugu maji. Mdudu mkubwa hutafuna majani, na funza wake hutoboa vikonyo hata mmea huoza na kuzama. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ya Ziwani ilikuwa imekwisha. Lakini mtoni kazi yake ni ngumu, maana mkondo huyachukua magugu pamoja na wadudu wake, na mengine mapya huja nyuma yao. Kwa hiyo gugu hurudi.

Sasa tuulize: hula nini? Hula mashamba yetu. Mvua ikinyesha juu ya kilima kilicholimwa kufuata mteremko, au kilichochomwa moto, udongo wa juu huteremka mtoni pamoja na rutuba yake. Samadi iliyoachwa ovyo, mbolea ya dukani, taka za vyoo na sabuni za kufulia huongeza karamu ile. Karamu hiyohiyo hulisha ule utando wa kijani uonekanao juu ya maji yaliyotulia, ambao ni jamii ya mwani. Aina nyingine za utando huo zina sumu, nao uozapo huyanyang'anya maji oksijeni. Mkulima aonaye mto wekundu baada ya mvua anaona mavuno yake ya mwaka ujao yakienda kulisha magugu.

Basi la kufanya ni hili. Tulime kwa kukata mteremko, tufanye makinga maji, na tupande majani ya tembo kingoni mwa matuta. Tuyaache mafunjo mahali pake, maana huchuja udongo na rutuba kabla ya kufika mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Magugu ying'olewayo yawekwe mbali na maji, yakauke kabisa. Usiyarudishe bwawani, wala usiyapande nyumbani kwa ajili ya ua. Na aonaye gugu katika kidimbwi kipya amwarifu mtendaji wa kijiji mara moja, maana magugu 10 hung'olewa na mtu mmoja kwa asubuhi moja, bali 10,000 humaliza nguvu za kijiji kizima.

Tunawaomba wenyeviti wa vijiji na walimu waisome habari hii mbele ya mikutano na shuleni kabla ya mvua za vuli, wakati majembe bado hayajaanza kazi.