Je, mzee wa miaka 75 anaweza kupasuliwa pafu?

Babu akikohoa miezi miwili hapa Shighatini, tunasema ni moshi wa kuni au TB. Makohozi yakipimwa na TB isionekane, msiishie hapo; huenda ni saratani ya mapafu.

Umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa. Katika hospitali ya rufaa kama KCMC, Moshi, madaktari huangalia kama saratani imesambaa, moyo ukoje, na kama pumzi itakayobaki itamtosha. Wakati mwingine mgonjwa hupandishwa ngazi waone anavyohema. Wazee wetu wa milimani hapo wanaweza kutushangaza. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na mara nyingi huondolewa moja tu.

Anayevuta sigara aache mapema, kabla ya upasuaji. Na aulizwe mwenyewe anataka nini, maana mara nyingi watoto huamua kwa simu wakiwa Dar.