Bonyea, kunyoosha na "bila rangi": msamiati wa mlango wa gari uliobonyea

Chukua mfano huu. Gari limeegeshwa kando ya barabara katika mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga. Baiskeli inaliangukia ubavuni, na ncha ya usukani inauingiza mlango ndani kiasi cha upana wa kiganja. Rangi haikupasuka wala kuchubuka. Mwenye gari anakwenda gereji na kusema: "Fundi, naomba uninyooshee mlango huu bila rangi." Fundi anaitikia: "Haya mzee, acha gari." Jioni mwenye gari anakuta mlango umenyooka barabara, lakini pale palipokuwa pameingia rangi imekwanguliwa na bati liko wazi. Analalamika. Fundi anashangaa, kwa kuwa ametenda sawasawa na alivyoambiwa: amenyoosha, na hakupiga rangi.

Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekosa ufundi. Kilichokosekana ni neno moja. Makala haya yanaeleza maneno yanayotumika katika kazi hiyo, tofauti zake, na jinsi mfasiri au mwalimu anavyoweza kuyatumia bila kumpotosha msomaji.

Bonyea na jamaa zake

Kitenzi cha msingi ni *bonyea*. Maana yake ni kuingia ndani kwa kusukumwa au kugongwa, bila kutoboka wala kuvunjika. Neno hili ni la zamani kuliko magari. Embe lililoiva hubonyea likiguswa kwa kidole. Mto wa kulalia hubonyea chini ya kichwa. Mashavu ya mgonjwa aliyekonda huwa yamebonyea. Katika mifano yote mitatu uso wa kitu umebadilika umbo, lakini haukukatika. Wazo hilo ndilo linalolifaa bati la gari.

*Bonyea* hueleza hali ya kitu chenyewe, na mtendaji hatajwi. Anapotajwa, kitenzi huwa *bonyeza*, kwa mpangilio uleule wa *legea* na *legeza*, *potea* na *poteza*, *enea* na *eneza*. Siku hizi *bonyeza* imehamia zaidi kwenye vitufe vya simu na kompyuta, hata mwanafunzi akadhani kwamba hiyo ndiyo maana yake ya asili. Sivyo. Kitufe hubonyezwa kwa sababu huingia ndani kikisukumwa, kama embe.

Nomino inayotokana na kitenzi hiki ni *bonyeo*, wingi *mabonyeo*. Wapo pia wanaosema *mbonyeo*, wingi *mibonyeo*. Muhimu ni kuchagua umbo moja na kulishika tangu mwanzo wa matini hadi mwisho.

Maneno yasiyo visawe

Matini nyingi zilizotafsiriwa huyachanganya maneno manne yanayofuata. Kwa fundi kila moja ni kazi tofauti, na kila kazi ina gharama yake.

*Mkwaruzo* ni mstari ulioachwa juu ya rangi na kitu chenye ncha au chenye kukereza, kama vile ukucha, msumari au tawi la mti. Umbo la bati halikubadilika.

*Mchubuko* ni mahali ambapo rangi imebanduka. Goti la mtoto aliyeanguka huchubuka; vivyo hivyo rangi ya mlango. Hapa bati linaweza kuwa limebaki wazi hata kama halikuingia ndani.

*Mkunjo* ni mstari mkali uliojikunja katika bati. Bonyeo lina kingo za mviringo zinazoteremka polepole. Mkunjo una pembe.

*Ufa* ni mpasuko wa rangi, na pengine wa bati lenyewe.

Mtu akiandika katika fomu ya madai ya bima kwamba mlango una "mikwaruzo", ilhali umebonyea, atakadiriwa gharama za kung'arisha. Akiandika "umechubuka", atakadiriwa gharama za kupiga rangi. Na kama ni bonyeo lisilo na mchubuko wala ufa, huenda gari halihitaji rangi kabisa. Anayelipa kwa kosa la tafsiri ni mwenye gari.

Kufua na kunyoosha

Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya kurekebisha umbo la chuma. Cha kwanza ni *kufua*, yaani kupiga chuma kwa nyundo ili kukipa umbo, kazi ya mhunzi. Jina la chombo anachokitumia kuweka chuma, *fuawe*, limetokana na kitenzi hicho. Cha pili ni *kunyoosha*, kitenzi cha kusababisha kilichotoka katika *nyooka*. Mtu hunyoosha mkono, hunyoosha waya, hunyoosha nguo kwa pasi. Nguo iliyonyooshwa ni ileile. Kilichoondoka ni makunyanzi tu.

Msamiati wa chuma umekuwa na wasemaji wengi Tanga kwa muda mrefu. Reli ilianza kujengwa kutoka mjini humo mwaka 1893, na mwaka huohuo miche ya mkonge ililetwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli na viwanda vya mkonge havikuweza kuendeshwa bila karakana. Magari yalipoongezeka, fundi aliyerekebisha mabati yake akaitwa *fundi wa bodi*, na kazi yake *kunyoosha bodi*. Hapa *bodi* ni umbo la nje la gari. Isichanganywe na *bodi* ya wakurugenzi, ingawa matamshi ni yaleyale.

Jina hilo limechagua *kunyoosha*, na uchaguzi huo una sababu ya kiufundi. Bati la mlango wa gari la kisasa ni jembamba, kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1. Likifuliwa kwa nyundo kupita kiasi hutanuka, na likishatanuka halitoshei tena mahali pake; huingia na kutoka likibonyezwa, mithili ya kifuniko cha mkebe. Fundi mzuri wa bodi hafui, ananyoosha.

Kazi inavyofanyika

Kunyoosha kuna njia mbili. Katika njia iliyozoeleka, fundi hugonga au huvuta bati hadi likaribie umbo lake, hukwangua rangi, hujaza mabonde yaliyobaki kwa puti, hupiga msasa, hupaka praima, kisha hupulizia rangi mpya. Njia hii ni ya lazima pale rangi ilipochubuka au bati lilipopasuka.

Njia ya pili hufaa pale rangi ilipobaki nzima. Fundi hushusha kioo au hufungua kifuniko cha ndani cha mlango, kisha hupenyeza chuma chembamba kirefu kilichopindwa ncha hadi nyuma ya bonyeo. Huweka taa upande wa nje ili mwanga wake uakisiwe juu ya rangi. Mahali bati liliposawazika, mstari wa mwanga hunyooka. Mahali lilipobonyea, mstari hupinda. Akiutazama mstari huo, fundi husukuma kidogo kidogo, akianzia kwenye kingo na kuelekea katikati. Akisukuma kupita kiasi, panatokea kinundu, naye hukirudisha taratibu kwa kijiti cha plastiki na nyundo ndogo. Kama nyuma hapafikiki, labda kwa sababu ya chuma cha kuimarisha mlango, hubandika vishikio kwa gundi ya moto upande wa nje na kuvuta badala ya kusukuma. Mlango ukiwa na joto kiasi, rangi huwa nyumbufu zaidi na haipasuki upesi.

Njia hii ina mipaka. Mkunjo mkali haunyooki vizuri. Bonyeo lililo ukingoni kabisa mwa mlango, ambako bati limekunjwa juu ya jingine, ni gumu kufikiwa. Na mahali palipowahi kujazwa puti hapafai, kwa kuwa puti hupasuka. Jambo la lugha linajitokeza hapa. *Kunja* ina kinyume chake, *kunjua*, kama *funga* na *fungua*, lakini mkunjo wa bati haukunjuki vizuri. *Bonyea* haina kinyume cha namna hiyo katika matumizi ya kila siku, ilhali bonyeo lenyewe linaweza kuondoka kabisa. Ndiyo maana wasemaji huazima vitenzi vingine: kunyoosha, kutoa, kuinua, kuvuta.

Kwa nini mtu ajisumbue kuihifadhi rangi ya awali? Rangi ya kiwandani ina tabaka kadhaa ambazo kwa pamoja unene wake ni takriban milimita 0.1, na tabaka za chini kazi yake ni kuzuia kutu. Katika mji wa pwani, ambako upepo wa bahari huja na chumvi, bati lililoachwa wazi hushika kutu upesi. Rangi ya gereji inaweza kupendeza, lakini tabaka za kiwandani zikishakwanguliwa hazirudi.

"Bila rangi" ina maana mbili

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo la mwenye gari wa Ngamiani. Neno *bila* likifuatwa na nomino huonyesha kwamba kitu hicho hakipo: *chai bila sukari* ni chai isiyo na sukari; *ametoka bila viatu* maana yake hana viatu miguuni. Kwa kanuni hiyohiyo, *mlango bila rangi* ni mlango usio na rangi. Fundi aliyekwangua na kuacha bati wazi aliitafsiri sentensi kwa kufuata sarufi. Isitoshe, wapo wateja wanaotaka hivyo hasa: bodi inyooshwe leo, rangi ipigwe fedha zikipatikana.

Watafsiri wengi hudhani kwamba *bila kupiga rangi* inatosha. Ni afadhali, lakini haitoshi. *Bila kupiga rangi* hueleza tendo ambalo halitafanyika mwishoni. Haisemi lolote kuhusu rangi iliyopo. Mlango uliokwanguliwa ukaachwa umenyooshwa pia bila kupigwa rangi.

Kinachotakiwa ni maneno yanayoilinda rangi iliyopo: *bila kugusa rangi*, *bila kuharibu rangi*, au kwa urefu zaidi, *huku rangi ya awali ikibaki*. Kwa matini ya kiufundi, istilahi inayopendekezwa ni *kunyoosha bonyeo bila kuharibu rangi*. *Kugusa* inafaa mazungumzo ya gereji na inaeleweka mara moja. Katika mkataba au fomu, hata hivyo, *kuharibu* ni salama zaidi, kwa sababu fundi anayevuta kwa gundi huigusa rangi, ingawa haiharibu.

Mifano ya matumizi

- *Mlango wa nyuma umebonyea, lakini rangi haikuchubuka.* Maelezo haya yanatosha kumjulisha fundi kwamba njia ya pili inawezekana.
- *Mlango una bonyeo moja na mikwaruzo miwili.* Ni kazi mbili. Zitajwe na kukadiriwa kila moja peke yake.
- *Fundi, naomba uninyooshee bonyeo hili bila kugusa rangi.* Ni ombi lisilo na utata.
- *Bati limefanya mkunjo na rangi ina ufa.* Msemaji ajiandae kwa puti, msasa na rangi mpya.
- *Gari limeharibika ubavuni.* Sentensi hii haina kosa la sarufi, lakini haimsaidii fundi, mkadiriaji wala mfasiri.

Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi mbele ya gari lolote kuukuu na kuwataka wataje kila alama wanayoiona kwa jina lake: hili bonyeo, huu mkwaruzo, huu mchubuko, huu mkunjo. Atakayeweza kuzitenganisha ataweza kuijaza fomu ya bima kwa usahihi, na ataweza kumwambia fundi kabla nyundo haijainuliwa kwamba rangi hiyo ibaki ilivyo.