Mtoto akianguka shuleni, tusimwangushe tena nyumbani

Masomo: Wakolosai 3:21, Matendo 15:36-40, 2 Timoteo 4:11



Shule zimefunga, buletini zimetolewa. Katika nyumba nyingine watu wanaimba, katika nyingine hata chakula hakikuliwa siku ile. Leo tunataka kusema na wazazi ambao mtoto wao ameanguka: yule aliyeambiwa arudilie kelasi, na yule wa kelasi ya mwisho ambaye hakupata diplome ya Serikali. Zaidi tunasema na wewe ambaye kijana wako hana tena hamu ya kitu. Analala mpaka saa nne, hagusi kaye, ukimwambia neno ananyamaza.

Mwaka fulani mama mmoja alitujia na kijana wake wa miaka 16. Buletini ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia. Asilimia 41. Mama akasema: « Pasta, huyu mtoto amefungwa. Mutoe hiyo roho. » Tuliweka mikono, tulikemea, tulipandisha sauti. Kijana alisimama tu, machozi yakimtoka. Ni baadaye ndipo tulifungua buletini na kuisoma. Semestri ya kwanza alikuwa na asilimia 54. Mapointi mekundu yalianzia periodi ya tatu. Tukamuuliza: « Mwanangu, wakati ule kulitokea nini? » Akajibu kwa sauti ndogo: « Nilifukuzwa wiki tatu juu ya minervali. Kurudi, nikakuta wamefika mbali katika hesabu. Niliona haya kuuliza. »

Tulikuwa tumekemea pepo mahali palipokuwa na deni la shule na haya ya mtoto. Tunalisema bila kujificha, maana kosa hili si letu peke yetu. Kuna watoto waliofungishwa chakula siku nyingi, wengine wakaitwa wachawi, kwa sababu ya mapointi. Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi. Lakini hata kabla ya sheria, Neno la Mungu lilikwisha kutuonya. Katika barua kwa Wakolosai, mtume Paulo anawakataza wababa kuwachokoza watoto wao, na anatoa sababu: wasije wakavunjika moyo. Basi Biblia inajua kwamba moyo wa mtoto unaweza kuvunjika, na kwamba mkono unaouvunja unaweza kuwa wa mzazi. Mara nyingi kile tunachokiita uvivu ni moyo uliovunjika.

Tumwangalie Marko. Alianza safari ya Injili pamoja na Paulo na Barnaba, lakini walipofika Pamfilia akawaacha, akarudi Yerusalemu. Aliacha kazi katikati. Walipotaka kusafiri tena, Paulo akakataa kumchukua. Paulo alikuwa na sababu, maana kazi ilikuwa ngumu. Barnaba hakusema kwamba Marko hakukosa. Lakini alimchukua, wakapanda merikebu kwenda Kupro, wakaendelea na kazi. Miaka ikapita. Paulo akiwa kifungoni anamwandikia Timoteo amlete Marko, kwa sababu anamfaa katika huduma. Mtu yuleyule! Kati ya Marko aliyekimbia na Marko anayefaa, alisimama mtu mmoja wa jamaa yake, kwa maana Barnaba na Marko walikuwa ndugu. Kila mtoto aliyeanguka anahitaji Barnaba, na Barnaba wa kwanza ni mzazi.

Sasa tufanye namna gani?

Kwanza, tutulize hasira kabla ya kusema. Siku ya buletini si siku ya hukumu. Maneno kama « wewe ni bure », « tazama mtoto wa jirani », « nimepoteza franga zangu » yanakaa miaka mingi katika masikio ya mtoto. Mwambie kweli kwa kifupi: « Umeanguka, nimeumia. Lakini wewe ni mtoto wangu, kesho tutakaa pamoja. »

Pili, tusome buletini yote, tusiishie kwenye asilimia ya chini. Tuangalie ni somo gani lina wino mwekundu na lilianza periodi gani. Somo lenye mapointi mengi linavuta jumla yote chini: kuanguka katika hesabu hakulingani na kuanguka katika somo dogo la pointi 10. Tuangalie pia mwenendo. Kama mwenendo ni mzuri na mapointi ni mabaya, huyo si mtoto mkaidi, ni mtoto anayeshindwa kuelewa. Kama na mwenendo umeanguka, tuulize anatembea na nani na telefone inamlaza saa ngapi.

Tatu, tumuulize, halafu tunyamaze. Labda haoni vizuri ubaoni. Labda anaenda shule bila kula. Labda usiku hakuna taa. Labda alikosa siku nyingi juu ya vita na kukimbia. Labda seksio ile aliichagua baba, si yeye. Mzazi anayeuliza huku ameshika fimbo hatapata jibu la kweli. Na kama mtoto anasema maisha yake hayana maana, au afadhali afe, tusimwache peke yake hata usiku mmoja. Tuombe naye, na tumpeleke kwa muganga wa hospitali. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Nne, tumpe kazi ndogo anayoweza kuimaliza. Barnaba hakumfariji Marko kwa maneno tu, alimrudisha kazini. Katika likizo hii tuchague masomo mawili tu, saa moja kila asubuhi, kabla ya kazi za nyumba kuanza. Katika makanisa yetu kuna wanafunzi wa chuo kikuu na walimu. Tuwaombe wamsaidie. Mama ambaye hakusoma anaweza pia kusaidia: aketi karibu na kumwambia, « Nielezee ulichojifunza leo. » Mtoto anayeeleza anaelewa. Telefone iwe na saa yake, na sheria hiyo iwashike na wakubwa. Moyo wa kusoma haurudi kwa mahubiri marefu. Unarudi siku mtoto anapoona kwamba hesabu iliyomshinda jana leo ameiweza.

Tano, tusinunue mapointi. Ndugu, hapa tuseme wazi. Anayepeleka bahasha kwa mwalimu ili mtoto apite anamfundisha mtoto kwamba yeye mwenyewe hawezi. Na tuwalinde mabinti zetu: mwalimu anayetaka mwili kwa kubadilisha na mapointi ashitakiwe, asifichwe, hata kama anaimba katika kwaya. Kurudilia kelasi ni aibu ya mwaka mmoja. Diplome ya uongo ni aibu inayotembea na mtu maisha yote.

Je, tusiombe? Tuombe sana! Lakini tuombe pamoja na mtoto, tusiombe juu yake kama juu ya adui. Roho Mtakatifu ni Msaidizi. Anasaidia mtu anayefanya kazi, na anafungua pia macho ya mzazi aone ambacho hakukiona.

Yule kijana alirudilia kelasi. Tulimwomba mama yake msamaha, naye mama akamwomba mtoto wake msamaha mbele yetu. Mwalimu mmoja wa kanisa alimfundisha hesabu likizo nzima. Mwaka uliofuata, semestri ya kwanza, alipata asilimia 56. Hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Lakini mama alitueleza kwamba safari hii hakuitafuta buletini chini ya kitanda. Kijana aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akakaa kungojea waisome pamoja.

Juma hili, kabla hamjalala, kila mzazi amwite mtoto wake aliyeanguka na amwambie neno moja la Barnaba.

Tuombe: Baba wa mbinguni, utusamehe maneno tuliyowaambia watoto wetu kwa hasira. Uponye mioyo tuliyoivunja. Utupe uvumilivu wa kutembea nao mwaka huu mpya wa masomo. Katika jina la Yesu, amina.